Darasa la ngoma la watoto mjini Unguja: mwalimu mzuri, sakafu mbaya

Binti yangu ana umri wa miaka 11, na kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikimpeleka katika darasa la ngoma na densi linalofanyika jioni katika ukumbi mmoja wa upande wa Ng'ambo, siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa muda wa saa mbili kila siku. Ada ni shilingi 45,000 kwa mwezi, nazo hulipwa mwanzo wa mwezi bila ya kudaiwa stakabadhi wala kupewa. Jina la darasa silitaji, kwa sababu yale ninayoyalalamikia nimekwisha kuyasema mbele ya mwalimu mwenyewe, na kwa sababu nilipozunguka kutafuta pengine pa kumhamishia mtoto nilikuta mambo mengi ni yale yale. Nimeyaandika haya kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao wanarudi nyumbani wakichechemea, nao wakadhani ni uchovu tu, kama nilivyodhani mimi kwa wiki tano.

Nianze na mazuri, ambayo si machache. Mwalimu mkuu ni Mpemba aliyekulia katika msewe na kibati, ngoma mbili za asili za kwao Pemba, na anapofundisha hakai pembeni na simu. Huvua viatu, akafunga misewe, yale manyanga ya miguuni, na kucheza katika mstari wa mbele pamoja na watoto. Yeye huwaita wanangu, wao humwita Mwalimu, na sijapata kumsikia akimfokea mtoto aliyekosea hatua. Wasichana na wavulana hufundishwa kwa zamu, kila msichana huja na kanga ya kujifunga kiunoni juu ya suruali, na darasa hufungwa mapema ili watoto wawahi nyumbani kabla ya Magharibi. Wapigaji ni watu, si redio, na tofauti yake inasikika hadi barabarani. Nimemwona mtoto aliyekuwa akiona haya hata kutoa shikamoo mbele ya wageni akiongoza wenzake katika kuitikia nyimbo. Katika ufundishaji wa mdundo na adabu ya ngoma sina la kupunguza.

Ubaya uko chini ya nyayo. Ukumbi umesakafiwa kwa terazo iliyomwagwa juu ya zege, na watoto hucheza miguu mitupu. Msewe ni ngoma ya kukanyaga, kwani ile misewe iliyofungwa mguuni haitoi sauti yake mpaka mguu ushuke kwa nguvu, na mtoto anayetaka kusifiwa hushusha mguu kwa nguvu zaidi kuliko jirani yake. Wazee wetu waliicheza uwanjani, juu ya udongo na mchanga uliokuwa ukimeza sehemu ya kishindo kabla hakijapanda mguuni. Ngoma ni ile ile na kishindo ni kile kile, lakini sasa kinapigwa juu ya kitu kisichobonyea hata kidogo. Kule ambako densi ni kazi ya kulipwa mshahara, kumbi huwekewa sakafu ya mbao iliyoachiwa nafasi chini yake ili ipate kunesa mchezaji anapotua. Sidai kwamba darasa la shilingi 45,000 lijengewe sakafu ya namna hiyo. Ninachosema ni kwamba mwenye darasa anapokodi ukumbi huangalia mapazia, feni na umeme, na sakafu, ambayo ndiyo chombo cha kazi, haitazami mtu.

Maumivu ya binti yangu yalianza mwezi wa Disemba. Wakati huo skuli yao ilikuwa katika mazoezi ya halaiki, yaani maonyesho ya wanafunzi wengi kwa pamoja, kwa ajili ya sherehe za Mapinduzi za tarehe 12 Januari, na darasa la ngoma nalo lilikuwa likijitayarisha kwa onyesho la mwisho wa mwaka. Asubuhi alikuwa akitoka kitandani akitembelea vidole, akikwepa kuweka visigino chini. Baada ya dakika chache mwendo hurudi sawa, jioni hucheza, na usiku hulalamika. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Wete, Pemba, kututembelea, alimchua visigino kwa mafuta ya makonyo ya karafuu kila usiku, na mtoto akawa analala vizuri kwa raha ya kuchuliwa, jambo lililotufanya tuamini kwamba anapona. Mafuta hayo sina ugomvi nayo. Tulichokosa ni kuuliza kwa nini maumivu yanarudi kila baada ya mazoezi.

Nilipomweleza msaidizi wa mwalimu, kijana anayefundisha densi ya kisasa, alinijibu, "Mama, huyo anakua, maumivu ya kukua hayana dawa." Alikuwa amekaribia ukweli bila ya kuufikia. Ni kweli kwamba mtoto alikuwa anakua. Lakini maumivu yaliyo mahali pamoja, yanayozidi kwa mazoezi na kumfanya mtoto achechemee, hayafai kupuuzwa kwa jina hilo.

Tulikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, katika kliniki moja ya binafsi, na huduma ile naisifu bila ya kusita. Kabla ya kumgusa mtoto aliuliza maswali kwa muda wa robo saa, na maswali yenyewe aliyaelekeza kwake yeye, si kwangu: anacheza siku ngapi, anacheza juu ya nini, anavaa nini, maumivu huja saa ngapi, amekua kiasi gani tangu Idi iliyopita. Kisha alimbana kisigino kwa pande mbili kwa viganja, na mtoto akaruka. Alimsimamisha kwa vidole vya mguu mmoja, akamtazama anavyoruka na kutua, akampima urefu. Picha ya eksirei hakuagiza, akanieleza kwa nini: dalili zilikuwa wazi, visigino vyote viwili vinauma kwa namna moja, hakuna homa, hakuna uvimbe, hakuna maumivu ya usiku yanayomwamsha usingizini; lau mojawapo ya hayo lingekuwapo, tungekwenda kupiga picha siku ile ile.

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa, kwa sababu ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyolitazama darasa. Mfupa wa mtoto hurefuka kutoka sehemu za gegedu zilizo karibu na ncha zake, zinazoitwa mabamba ya ukuaji, na sehemu hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na mara nyingi ni dhaifu hata kuliko kano na mishipa ya viungo inayozizunguka. Nyuma ya kisigino pana bamba la namna hiyo, na hapo ndipo inaposhikia ile kano nene inayoshuka kutoka katika shavu la mguu. Mtoto anaporefuka kwa kasi, nyama na kano huchelewa kuufuata mfupa, zikawa zinavuta kwa nguvu. Ukizidisha juu yake kishindo cha mamia ya mikanyago kwenye sakafu ngumu, bamba linaumia kidogo kidogo. Daktari wa Marekani aitwaye James Sever aliyaeleza maumivu hayo mwaka 1912, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Yale ya goti, yanayotokeza uvimbe mgumu chini ya kilegesambwa na kuwapata sana watoto wanaorukaruka, yalielezwa mwaka 1903 na Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, kila mmoja kwa upande wake. Yote mawili huisha mtoto anapomaliza kukua. Lakini kuambiwa kwamba yataisha baada ya miaka miwili si faraja kwa mtoto anayetaka kucheza Jumamosi hii.

Kasi hiyo ya kukua kwa kawaida hufikia kilele kwenye umri wa miaka 12 hivi kwa wasichana na 14 hivi kwa wavulana, yaani umri ule ule ambao madarasa yetu huwapandisha watoto katika kundi la wakubwa na kuwaongezea siku za mazoezi. Ndiyo umri pia ambao mtoto hupoteza kwa muda ule ulinganifu wa mwili aliokuwa nao. Miguu imerefuka, na ubongo bado unaipimia kwa kipimo cha mwaka jana. Mwalimu akimwona mtoto aliyekuwa hodari ameanza kujikwaa hudhani amezembea, naye humzidishia mazoezi.

Tulifanya hesabu pale pale mezani. Darasa lilikuwa likimchukua saa 6 kwa wiki, na halaiki katika wiki za mwisho saa 10. Wataalamu wengi wa tiba ya michezo hutumia kipimo chepesi kwamba saa za mazoezi ya mtoto kwa wiki zisizidi miaka ya umri wake, na apate angalau siku moja au mbili za mapumziko. Mtoto wa miaka 11 alikuwa na saa 16, na siku ya kupumzika hakuwa nayo. Hapo siwezi kumlaumu mwalimu wa ngoma wala walimu wa skuli, kwa kuwa kila upande ulikuwa ukizihesabu saa zake tu. Aliyekuwa akiziona zote ni mimi, na mimi sikuwa nimezijumlisha.

Mtoto hakukatazwa kucheza. Aliambiwa apunguze, aache kwa wiki tatu hatua za kuruka na kukanyaga, aendelee na nyimbo na hatua za mikono na mabega, avae viatu vyenye vipande vya mpira laini visiginoni badala ya kandambili, na afanye kila siku mazoezi ya kuinuka kwa vidole taratibu pamoja na kuinyoosha misuli ya shavu la mguu. Kufikia Ramadhani, ambapo darasa hufungwa, maumivu yalikuwa yamekwisha.

Sasa nifike kwenye jambo linaloonyesha kosa la darasa waziwazi kuliko yote. Baada ya Idi darasa lilifunguliwa, na siku ya kwanza kabisa watoto waliokuwa wamepumzika mwezi mzima waliwekwa katika saa mbili kamili za msewe, kana kwamba walikuwa wameachana jana. Wiki ya pili binti yangu alirudi kutembelea vidole, na safari hii hakuwa peke yake; nilihesabu watoto wanne waliokaa barazani wakishika magoti na visigino. Mwili hupoteza uzoefu wa mzigo katika wiki chache tu, na kuurudisha kunataka kupanda ngazi, wiki baada ya wiki. Likizo yenyewe ilikuwa dawa. Namna ya kurudi ndiyo iliyoharibu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba watoto wa Unguja wamecheza ngoma miaka yote na hawakufa. Hawakufa, na sisemi kwamba ngoma ni hatari kuliko mpira wa barabarani au kupanda miembe. Lakini waliohesabu wameona kitu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba kati ya 1991 na 2007 watoto na vijana 113,084 wa miaka 3 hadi 19 walitibiwa katika idara za dharura za hospitali za nchi hiyo kwa majeraha ya densi, na idadi ya mwaka ilipanda kutoka 6,175 hadi 8,477, ongezeko la asilimia 37. Zaidi ya nusu yalikuwa ni kuteguka na kuvutika kwa misuli, asilimia 58 yalikuwa ya miguu, na sababu iliyoongoza ni kuanguka. Hao ni waliofika hospitali tu. Maumivu ya kisigino kama ya binti yangu, yanayokuja polepole bila ya siku ya kuanza, hayampeleki mtu katika chumba cha dharura, na maumivu ya namna hiyo ya kutumika kupita kiasi ndiyo yanayowapata zaidi wachezaji wanaofanya mazoezi kila wiki.

Kuhusu kuanguka, darasa letu lina la kujibu. Siku moja mvulana wa miaka 13 aliteleza, kwa sababu watoto huingia na mchanga miguuni na ukumbi hufagiwa asubuhi tu, akaanguka juu ya kifundo cha mguu kilichopinda. Mtu mzima mmoja alikimbilia kumvuta mguu na kuuzungusha ili uingie mahali pake, mwengine akamwambia asimame autikise. Hapakuwa na barafu, katika mji ambao barafu ya samaki inauzwa hatua chache kutoka hapo, na hapakuwa na daftari lenye namba za simu za wazazi. Mama yake alipatikana baada ya mtoto wa jirani kutumwa kwa baiskeli. Kwa mtoto ambaye bado anakua, pigo ambalo lingemtegua mtu mzima linaweza kulivunja bamba la ukuaji, kwa hiyo kuuvuta na kuuzungusha mguu ambao hujaujua ni kuongeza jeraha. Ipo kanuni iliyotungwa Ottawa, Kanada, mapema katika miaka ya 1990, ambayo hata mzazi anaweza kuishika kichwani: mtoto akishindwa kutembea hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo kwa nyuma akalia kwa maumivu, apelekwe kupigwa picha. Akiweza kutembea na mfupa hauumi, apumzishwe, mguu uinuliwe, ufungwe bandeji na kuwekewa barafu iliyovingirishwa katika kitambaa. Mvulana yule hakuweza hata hatua moja, naye alipakiwa kwenye bodaboda huku mguu unaning'inia.

Yule msaidizi wa densi ya kisasa anastahili aya yake. Ni hodari, watoto wanampenda, na video zake zinavutia. Lakini anapowafundisha kupiga msamba huwakandamiza mabega kwa mikono miwili mpaka wafike chini, na anapowafundisha kubinuka nyuma huwataka warudie na kurudia mpaka kiuno kipinde kama upinde. Mtoto aliye laini ndiye anayesifiwa na kuwekwa mbele, ilhali mtoto wa namna hiyo mara nyingi anahitaji kuongezewa nguvu za misuli, si kulegezwa zaidi. Kubinuka nyuma mara nyingi katika umri wa kukua kunaweza kutia ufa katika pingili za chini za uti wa mgongo, na maumivu ya kiuno yanayozidi mtoto anapobinuka, yakadumu wiki mbili au tatu, yanataka daktari, si kukandwa. Nimemsikia vilevile akimwambia msichana wa miaka 14, mbele ya wenzake, apunguze chakula kabla ya onyesho. Msichana anayecheza sana na kula kidogo huweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikawa rahisi kupata nyufa; mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina na kuwataka makocha waiangalie. Maneno yale yalisemwa kwa mzaha, na msichana yule hakula biskuti zilizogawiwa siku ile.

Nilikwenda kumwona Mwalimu nyumbani kwake, siku ya Ijumaa baada ya sala, kwa kuwa mambo kama haya hayasemwi mlangoni mbele ya wazazi wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kitu ambacho sikukitarajia: kwamba kijijini kwao ngoma haikuanza kwa kishindo hata siku moja. Ilianza polepole, watu wakisimama na kuyumba, wakiitikia, mdundo ukipanda kidogo kidogo mpaka mwili wenyewe unaomba kukanyaga. Utangulizi huo, alisema, aliukata alipoanza kualikwa kwenye mahoteli, kwa sababu wageni hupewa dakika 20 tu na wanataka kuona kilele. Watoto aliwafundisha ile ngoma ya dakika 20. Nilimwambia kwamba utangulizi alioukata ndio ule ule ambao fiziotherapia imeniuzia kwa jina la kupasha mwili moto, dakika 10 hadi 15 za mwendo mwepesi unaopanda, na kwamba yeye alikuwa nao bure. Alicheka sana, akamwita mkewe aje asikie.

Tangu hapo kuna yaliyobadilika na yasiyobadilika. Mazoezi ya Jumamosi yamehamishiwa uwanja wa udongo ulio nyuma ya jengo, ambao hufagiliwa na kukaguliwa mashimo kwanza, na msewe huchezwa huko tu. Ndani ya ukumbi hubaki nyimbo, kibati na hatua nyepesi. Fikra ya kwenda ufukweni ilitolewa na mzazi mmoja, Mwalimu akaikataa, nami nakubaliana naye, kwa maana mchanga mkavu na mteremko wa pwani hutegua vifundo. Darasa sasa linaanza polepole kwa robo saa. Daftari la simu za wazazi lipo, na ukumbi hufagiwa tena kabla ya watoto kuingia. Barafu bado haijanunuliwa, kila wiki nikiambiwa ni wiki ijayo. Msaidizi ameacha kukandamiza mabega pale Mwalimu anapokuwapo. Asipokuwapo, binti yangu ananiambia, mikono hurudi.

Kwa mzazi anayeuliza kama darasa hili lina thamani ya ada yake, jibu langu ni kwamba kwa ngoma za asili lina thamani hata ya zaidi, na kwa densi ya kisasa mtoto asubiri mpaka msaidizi apate mtu wa kumsimamia. Akienda kuangalia, asikae kwenye viti vya mbele kutazama nyuso. Akae pembeni, chini, atazame miguu inavyotua, na asikilize iwapo kuna anayewauliza watoto kama kuna panapouma. Katika mwaka mzima wa kwanza swali hilo sikulisikia. Sasa Mwalimu huliuliza kila Jumanne, na wiki iliyopita watoto wawili waliinua mikono wakakalishwa karibu na wapigaji, wakapewa kazi ya kuitikia.

Binti yangu anacheza bila ya kuchechemea. Kwa muhula ujao nimemlipia siku mbili kwa wiki, na ile ya tatu tumekubaliana kuirudisha halaiki itakapokwisha, akiwa bado anaitaka.